Ardhi ikianza kuyeyuka, iacheni kwanza

Jamani hii ni ile hotuba niliyoitoa Jumapili kwenye kikao chetu cha waendesha baiskeli, kule kwenye ukumbi wa chini Brooklyn Park, Minnesota. Wengi mlikuwa kazini mkaomba niiandike, basi nimeiandika vile vile nilivyoongea, na maswali mawili matatu yaliyoulizwa nimeyaweka humo humo.

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana, habari za wikiendi. Asanteni kwa kuja, maana najua kwa jua la leo kila mtu alikuwa na pa kwenda.

Nianze na hilo hilo jua. Leo nje kuna digrii 48 za Fahrenheit, kwa hesabu ya nyumbani ni kama 9 hivi, na kwa mtu wa Minnesota aliyefungiwa ndani toka Novemba hiyo ni joto, watoto wa jirani yangu wametoka na tisheti. Nikija huku nimepita Theodore Wirth, ile mbuga ya Minneapolis, parking imejaa, nikaona watu watatu wanashusha baiskeli za milimani kwenye gari, wanacheka, wana furaha kweli, na mimi roho ikaniuma. Kwa sababu siku kama ya leo ndiyo siku mbaya kuliko zote za mwaka kuingia na baiskeli kwenye njia za msituni. Ni mbaya kuliko ile wiki ya Januari tuliyokuwa na nyuzi za chini ya sifuri mpaka pua inaganda ndani. Mbaya kuliko mvua ya Julai. Nimeomba nafasi ya kuongea leo kwa ajili ya hilo tu, mengine yote ntayagusa kwa sababu yanatokana na hilo.

Sasa mimi hii kitu sikujifunzia huku. Wengine mnajua, kabla sijaja Marekani nilibeba mizigo Kilimanjaro, misimu minne, mara nyingi njia ya Machame. Kambi ya mwisho kabla ya kilele inaitwa Barafu, iko mita 4,673, na pale wageni wanaamshwa usiku, ikifika kama saa sita wanaanza kupanda kwenda Uhuru, mita 5,895. Mgeni lazima aulize, jamani mbona usiku wa manane, na anajibiwa ni ili aone jua likichomoza. Kweli hiyo ni sababu. Lakini waulizeni waongozaji wenyewe, watawaambia na ya pili: usiku ile kokoto na mchanga wa mlimani umeganda, mguu unashika. Jua likishaupiga unakuwa kama unapanda lundo la mahindi, hatua mbili mbele moja nyuma.

Sisi wapagazi kilele hatukuwa tunaenda, tulibaki na mizigo, ila tulikuwa na safari yetu ambayo watu hawaijui. Pale Barafu hakuna maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, kwa hiyo mtu anashuka kule na madumu, anapanda nayo. Alfajiri ukishuka, ardhi inalia chini ya buti, kwachu kwachu kwachu, kama unakanyaga vigae. Siku moja nikainama na tochi kuangalia ni nini hasa. Nikaona udongo wote wa juu umenyanyuliwa. Chini yake kuna vijiti vya barafu vyembamba sana, urefu wa kidole, vimesimama wima vimepangana kama meno ya kitana, na juu ya kila kijiti kuna punje ya udongo imekaa kama kofia. Nikashika moja kikavunjika na kuyeyuka kwenye kiganja palepale. Basi ile saa nne nilipokuwa napanda na dumu, jua limeshapiga, vile vijiti havipo tena, ardhi ile ile iliyokuwa inalia kama vigae imekuwa uji, buti linazama, na dumu la lita ishirini mgongoni unalihisi mara mbili. Mzee mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anatuambia kila siku, nyie vijana mlimani kuna ardhi mbili, ya usiku na ya mchana, chagua ya kwako.

Nilipofika Minnesota, Machi ya kwanza nikaenda kutembea Lebanon Hills kule Eagan, asubuhi, nikasikia kwachu kwachu chini ya kiatu. Nikasimama. Nikainama, vijiti vile vile, kofia zile zile za udongo. Kwa kweli machozi yalinilengalenga, mtu uko mbali na kwenu alafu ardhi inakusalimia kwa lugha unayoijua.

Haya, tueleze inavyokuwa, maana mtu akielewa hahitaji kukatazwa.

Maji yakiganda yanavimba, yanaongezeka kama asilimia 9. Hilo wote tunalijua, mwenye kusahau chupa ya soda kwenye friza analijua zaidi. Lakini kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui: baridi ikiingia ardhini polepole, ile sehemu inayoganda inavuta maji kutoka chini. Yanapanda kupitia vitundu vidogo vidogo vya udongo, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, yakifika juu yanaganda, yanavuta mengine, yanaganda, miezi yote ya winta, yani majira ya baridi. Ikifika Machi ardhi ya juu ina maji mengi kuliko iliyokuwa nayo Oktoba, hata kama haikunyesha tone. Na udongo umetanuliwa, umelegea, haujashikana tena.

Na hapa kwetu baridi inaingia mbali jamani. Sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka msingi wa nyumba huku kusini mwa jimbo uende chini inchi 42, ni zaidi ya mita moja, na kule kaskazini inchi 60, kwa sababu ukichimba pungufu ya hapo ardhi ikiganda inanyanyua nyumba. Nyumba nzima na watu ndani! Sasa fikiria njia ya baiskeli.

Alafu springi ikija, yani majira yanayofuata winta, kuyeyuka kunaanzia juu. Jua linayeyusha inchi mbili, inchi nne, lakini chini ya hapo bado kumeganda kama sakafu ya saruji. Yale maji yaende wapi? Chini hayapiti. Yanakaa pale pale juu, udongo unaelea kwenye maji yake mwenyewe. Juu uji, chini karai. Ndio maana unaweza kuona njia imekauka kwa macho, ina ka ganda kakavu juu kanapendeza kabisa, ukiweka tairi inadidimia. Sio matope ya mvua haya. Matope ya mvua ya Julai yana pa kutokea, maji yanashuka chini, siku moja mbili unaendesha. Haya ya Machi na Aprili yanasubiri mpaka ile sakafu ya chini iyeyuke yote, wiki kadhaa, na mwaka wa baridi kali zaidi.

Msidhani ni wapenda miti tu wanaosema hivi. Idara ya barabara ya jimbo kila springi inapunguza uzito wa malori kwenye barabara nyingi, matangazo yanatoka, wenye malori humu ndani mnalijua, kaka pale nyuma anatingisha kichwa. Lami, jamani. Lami yenyewe iliyoshindiliwa na mashine nzito inalindwa kipindi hiki, kwa sababu chini yake kuna uji. Njia yetu ya msituni haina lami, imechongwa kwa jembe na watu waliojitolea.

Nataka niwaambie kosa langu mwenyewe. Nilishanunua baiskeli yangu ya kwanza ya milimani, mkononi kwa mtu, na siku ya kwanza ya jua, mwezi wa tatu, nikaingia nayo. Nilikuwa nayajua yote haya niliyowaeleza, nilikuwa nimebeba maji Karanga, nilijua kabisa. Lakini jua lile. Nikasema nikizunguka mara moja tu si kitu, mimi mmoja. Kwenye kona moja ya kushuka tairi la mbele likazama, nikakanyaga chini kujizuia, mguu ukaingia mpaka kifundo, nikasukuma baiskeli nikatoka nikaendelea. Dakika moja haikufika. Nikaenda nyumbani nikaosha baiskeli.

Mwezi wa sita, kumekauka, kijani kila mahali, nikarudi kona ile ile. Alama ya tairi langu ipo. Ipo vile vile, urefu kama hatua nne, kina chake inaingia ngumi, na pembeni shimo la kiatu changu, unaona mpaka michirizi ya soli, imekauka imekuwa tofali. Wakati nimesimama naangalia akashuka mtoto wa kike wa miaka kama kumi na mbili na baba yake, tairi la mbele likaingia kwenye ule mfereji, likashikwa, akaruka juu ya usukani. Alivunja mkono. Baba yake akaniomba nishike baiskeli wakati anamfunga mkono na sweta, nikashika, na sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia mtu yeyote mpaka hapa mbele yenu.

Wahenga walisema mchezea tope humrukia. Siku ile niliona linaweza kukuacha wewe likamrukia mtoto wa mwenzio, miezi mitatu baadaye.

Na mfereji hauishii kwenye kuangusha watu. Mkipata nafasi siku moja inameni muangalie njia iliyotengenezwa vizuri, haiko bapa, imelazwa kidogo sana kuelekea upande wa bondeni. Maana yake maji yakishuka kutoka juu ya kilima yanavuka njia yanaenda zake, hayakai. Ndo siri yote ya njia nzuri, maji yavuke yasitembee nayo. Sasa wewe ukichimba mfereji katikati kwa tairi, maji yakija hayavuki tena, yanaingia mferejini yanashuka nao, yanachimba, mvua ya kwanza inchi moja, ya pili mbili, mizizi inatoka nje, mawe yanatoka nje, na watu wakiona pabaya wanapita pembeni, njia ya futi mbili inakuwa ya futi nane kama ng'ombe wamepita. Na hapo kuna kosa la pili ambalo watu wanalifanya kwa nia njema: wanaona dimbwi wanalizunguka. Usizunguke. Ukishakutana na dimbwi katikati ya njia na huna jinsi, pita katikati yake polepole, umwagikiwe, alafu geuza urudi ulikotoka, kwa sababu hilo dimbwi limeshakuambia kuwa hukutakiwa kuwepo.

Wanaoirekebisha ni nani? Hapa Twin Cities, yani Minneapolis na St. Paul na vitongoji vyake, njia nyingi za baiskeli za msituni, Wirth, Lebanon Hills, Battle Creek, Elm Creek, Murphy-Hanrehan na nyingine, zinatunzwa na watu wa kujitolea wa MORC, Minnesota Off-Road Cyclists, kwa kushirikiana na mamlaka za mbuga. Ni watu wenye kazi zao kama sisi. Baada ya ajali ile nilienda siku ya kazi, nikapewa lile jembe lao linaloitwa McLeod, upande mmoja reki yenye meno makubwa, upande wa pili bapa lenye makali. Kufukia mfereji mmoja kama wangu sio kutupia udongo tu, ukitupia mvua inaubeba. Unavunja zile kingo ngumu, unachanganya, unamwagia maji, unashindilia, unalaza upya kuelekea bondeni. Tulikuwa watatu na tulitumia karibu saa nzima kwa hatua nne. Ndo hesabu ninayotaka mwende nayo: dakika yangu moja ya Machi, masaa matatu ya watu ya Juni, na mkono wa mtoto.

Haya, sasa mtasema huyu kaka anataka tukae ndani mpaka Mei. Hapana! Mimi naendesha Machi yote. Ila naendesha ardhi ya usiku.

Mnajua nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Natoka saa moja asubuhi, na katikati ya Machi, baada ya saa za huku kusogezwa mbele lisaa limoja, jua linatoka kama saa moja na nusu. Ikiwa usiku umeshuka mpaka digrii 25 za Fahrenheit au chini, yani kama -4 za kwetu, na umekaa huko masaa kadhaa, ardhi imerudi kuwa ngumu kama sakafu. Baiskeli iko kwenye gari, nakuwa njiani kabla jua halijapanda juu ya miti. Hapo tairi haliachi hata alama, unasikia tu mlio, na hewa safi baada ya usiku mzima wa kunusa dawa. Nazunguka saa moja, saa na nusu, na ikifika digrii 30 nimeshatoka. Sio 32, pale barafu inapoanza kuyeyuka, ni 30, kwa sababu sehemu yenye jua inayeyuka kabla kipimo cha simu hakijafika 32. Wenye kugema sukari ya mti wa maple nao wanasubiri hali ya hewa hii hii, usiku ugande mchana uyeyuke, ukiona ndoo zimening'inizwa kwenye miti ujue na sisi msimu wetu wa alfajiri umeanza.

Humu ndani naona manesi, naona walinzi, naona madereva wa usiku, watu wa maghala. Tumezoea kujiona tumenyimwa, wenzetu wanaendesha Jumamosi mchana sisi tumelala. Kipindi hiki saa nzuri ni ya kwetu.

Namna ya kujua? Fika, shuka kwenye gari bila baiskeli. Tembea hatua ishirini ndani, bonyeza kisigino kwa nguvu. Kikiingia, rudi. Kisipoingia, chukua baiskeli, nenda kidogo, geuka uangalie nyuma, ukiona umeacha alama rudi hapo hapo, usiseme labda mbele ni pazuri. Na kabla ya yote angalia tangazo la njia, watu wa MORC wanatangaza njia gani imefunguliwa gani imefungwa, na ikiwa imefungwa hata ukiona kavu ni imefungwa.

Kwa nini nasema hata ukiona kavu, kuna jambo hapa ambalo sisi tuliotoka karibu na ikweta linatuchanganya. Moshi jua linapita juu ya kichwa, nusu ya mwaka limeegemea kaskazini nusu kusini, hatuna habari na upande wa kilima. Hapa tuko latitudo 45, winta na mwanzo wa springi jua liko upande wa kusini karibu siku nzima na liko chini. Basi kilima kile kile, ubavu unaotazama kusini unakauka wiki mbili tatu kabla ya ubavu wa kaskazini. Parking mara nyingi iko peupe, unaanza kwenye kavu unafurahi, unapanda, unapinda kona ya kwanza ya kaskazini chini ya misonobari, unakuta barafu, na baada ya barafu uji. Mwenye kutangaza ametembea njia nzima, wewe umeona mita hamsini.

Na barafu yenyewe inakaa wapi? Inakaa juu ya njia! Winta yote tumeshindilia theluji pale kwa matairi na viatu, theluji iliyoshindiliwa inayeyuka mwisho kabisa. Kwa hiyo utaona msitu mzima umeshabaki majani makavu, katikati unapita mgongo mweupe wa barafu umevimba kama nyoka aliyemeza mbuzi, na maji yanayeyuka pembeni yake yote mawili. Pale ndo watu wanavunja nyonga. Matairi yenye vichwa vya chuma yanasaidia kwenye barafu, tena sana, ila hayasaidii kitu kwenye matope, usije ukaona umenunua matairi ya bei ukadhani umenunua ruhusa.

Nimeulizwa na dada hapa mbele, je winta yenyewe, Januari, kwenye theluji ni sawa? Dada, Januari ndiyo raha yenyewe. Theluji ikiwa imetulia na baridi ya kweli, ardhi iko salama kabisa chini ya blanketi, huwezi kuidhuru. Hapa tuko nyumbani kwa mchezo huu, baiskeli za tairi nene, zile wenyewe wanaita fatibaiki, kampuni ya Surly ya hapa hapa Bloomington ndiyo iliyotoa Pugsley mwaka 2005, yenye tairi la inchi 3.7, na ndiyo iliyofanya mtu wa kawaida aweze kununua kitu kama hicho dukani. Saivi matairi yamefika inchi 5. Usiku watu wa kujitolea wanapita na pikipiki za theluji wameburuza vyuma vya kushindilia, asubuhi unakuta njia laini kama kitanda kilichotandikwa, na adabu ni ile ile: tairi liwe pana, upepo wa tairi uwe mdogo, chini ya psi 10 kwenye kipimo cha pampu, na ukiona unaacha mfereji wa zaidi ya inchi moja theluji ni laini, rudi. Ukichimba theluji iliyotandikwa usiku inaganda na mashimo yako. Na ile michirizi miwili ya watu wa ski, wanaoteleza kwenye theluji, usiipande kabisa.

Kuhusu upepo wa tairi niseme kitu kimoja kilichonisumbua mwaka mzima. Unajaza ndani ya nyumba, kuna joto, unaweka psi 8, safi. Unatoka nje kuko -15 za Selsiasi, baada ya nusu saa tairi limelegea unadhani una pancha. Huna pancha, hewa imesinyaa kwa baridi, ile 8 imekuwa 5 na kidogo. Jaza nje, au jaza ndani uongeze. Taa nazo betri inakufa haraka, itie mfukoni karibu na mwili mpaka utakapoihitaji, na utaihitaji, Desemba hapa jua linazama saa kumi na nusu. Na ukipitia barabarani kwenda msituni ile chumvi wanayomwaga inakula cheni, futa, kausha, tia mafuta siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Kinachonitia hofu ni kwamba hiyo Januari tunayoisifia siku hizi hatuna uhakika nayo. Winta ya 2023 kuingia 2024 ilikuwa ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hapa Minnesota. Februari ile yalikuja mashindano ya Kombe la Dunia la ski pale Wirth, na njia ya wanariadha ilibidi ijengwe kwa theluji iliyotengenezwa na mashine, wengine mlikuwepo mliona. Kwetu sisi ilikuwa na maana nyingine. Ardhi iliganda ikayeyuka, ikaganda ikayeyuka, Desemba nzima, Januari, Februari, yani springi mara tano kwenye winta moja, bila blanketi la theluji. Kila kuyeyuka njia inalegea upya, na kwa kuwa kalenda inasema Januari watu hawakuwa na wazo la matope, wakaingia. Kwa hiyo usiangalie mwezi. Angalia usiku uliopita ulifika digrii ngapi.

Mzee mmoja aliuliza, kuna pa kwenda ambapo hapaharibiki? Shikamoo mzee wangu, swali zuri. Udongo unatofautiana. Mchanga na kokoto vinaruhusu maji kupita, mfinyanzi unayashika. Cuyuna, kaskazini, kulikokuwa na migodi ya chuma, njia zimepita juu ya vifusi vya mgodi, udongo mwekundu wenye mawe, unakauka mapema kuliko msitu wetu, ila na kule pia springi kuna kipindi wanafunga, ukiangalia tangazo utaona. Mara ya kwanza nimefika Cuyuna nikarudi soksi nyekundu, mke wangu akaniuliza umeenda Rombo? Mabondeni kwa mto Minnesota kule Bloomington ni kinyume, ni udongo laini ulioletwa na mafuriko, springi mto unapanda unafunika, kaeni mbali. Na siku ambayo msituni hapafai kuna njia za lami za mbuga, kuna barabara za kokoto za mashambani, nendeni huko mchoke mrudi. Mwili unataka kutembea, naelewa, wala sisemi ukae.

Mama mwenye watoto wawili ameniuliza, nimeshawaahidi wanangu, nifanyeje. Mama, waamshe alfajiri. Waambie kuna kitu cha kuona ambacho saa nne hakipo. Wapeleke kwa miguu, wainame, wanyanyue ganda la udongo na kijiti, wavione vile vijiti na kofia zake, waweke kimoja mkononi kiyeyuke. Alafu warudi nyumbani wakanywe chai. Watoto walioona hivyo hutahitaji kuwakataza matope, watakukataza wewe.

Jumamosi ijayo, nimeangalia, usiku wa Ijumaa wanasema digrii 21 za Fahrenheit. Tukutane parking ya Lebanon Hills saa moja na nusu asubuhi, mimi ntakuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Ntatangulia kwa miguu kubonyeza kisigino. Kikiingia, ntakuwa na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi na maandazi kwenye gari, tutanywa hapo hapo tuondoke. Kisipoingia tunazunguka mara moja na saa tatu kila mtu awe nje.